Andika Ndiyo

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na huyo uliyembeba, na kwamba miguu imepunguza kuvimba. Shemeji msalimie sana. Mwambie asikuache unyanyue ndoo. Sisi huku hatujambo, ila kikohozi changu kimegoma kuondoka. Mama anasema ni kwa sababu sifungi mdomo. Unamjua.

Najua unasubiri kusikia jambo moja tu: Mama anafika lini. Ulipopiga simu nikakujibu kwa mkato kwamba mambo ya viza bado, ukanikasirikia, na haki ulikuwa nayo. Lakini Mama alikuwa chumba cha pili, na mimi mwenyewe sikuwa nikijua la kusema. Sasa najua. Kaa chini, uweke miguu juu ya kitu, usome polepole.

Ulivyotuambia ndivyo nilivyoamini, kwamba wenye pasipoti kama zetu huko kwenu hawahitaji viza, wanajiandikisha tu kwenye kompyuta na kupanda ndege. Nikampeleka Mama kwa wakala wa tiketi, yule mnene wa ghorofani juu ya duka la miwani, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Akawa anasoma maswali, mimi namjibia Mama. Hajawahi kufungwa. Hana ugonjwa wa kuambukiza. Akafika kwenye swali la kama katika miaka ya karibuni amekanyaga nchi fulani fulani, akazitaja, nyingi za vita na vurugu. Nikacheka. Nikasema huyu mama safari yake ndefu ni kwenda kununua vitambaa.

Mama akasema, "Andika ndiyo."

Nikadhani hakusikia swali, maana lile sikio lake la kulia unalijua. Akanikata jicho, akaitaja nchi yenyewe kwa jina. "Andika ndiyo. Nilifika."

Dada, hata wakala aliacha kucheka.

Akatueleza kwa sauti ya chini kwamba aliyefika huko, njia ya kuingia bila viza kwake imefungwa, hata kama alikaa siku moja, hata kama alikwenda kwa heri. Si kwamba amepigwa marufuku. Ila aombe viza, aende ubalozini ahojiwe, na foleni ya mahojiano ingekula karibu mimba yako yote. Kisha akainama mbele akasema kuna njia ya mkato: tuandike hapana, nani atajua? Mama akachukua mkoba wake akasimama. Alisema hataingia kwa mjukuu wake kwa mlango wa uongo.

Nikamtazama huyo asiyetaka kuidanganya kompyuta, nikajiuliza: na sisi je, alitudanganya lini?

Njiani nilimuuliza, akasema jua kali. Nyumbani nikamuuliza, akakaa kwenye cherehani akakanyaga, cherehani ikanijibu badala yake. Basi nikaanza kupiga hesabu zangu. Katika miaka yote hiyo Mama hakulala nje ila mara moja, pale aliposema anakwenda kumuuguza mama mdogo aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, akakaa hadi sare za shule za watu zikachelewa. Nikampigia mama mdogo, nikamsalimia, nikamuuliza ilikuwa nyonga ya upande gani. Akakohoa, akasema ya kushoto, kisha simu ikaanza kukatika. Jumapili nikamuuliza tena, ikawa ya kulia.

Hapo ndipo shaka iliponiingia mwilini kama baridi. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaanza kumpekua Mama yangu mzazi kwa macho. Nikaona anapokea simu jikoni bomba likiwa wazi, maji yanamwagika bure, yeye ambaye alikuwa akitupiga kwa kuacha tone lipotee. Nikiingia, anamaliza maneno kwanza, bomba baadaye. Niliwaza mwanamume. Nikawaza vibaya zaidi: pale kliniki ninapofanya kazi wagonjwa wakisubiri kung'olewa meno huongea, na nilishasikia jinsi wazee wanavyobebeshwa mizigo wasiyoijua, wanavushwa mipaka kwa sababu hakuna askari anayemshuku bibi. Nikajisemea, Mama wamemtumia. Au, Mungu anisamehe, Mama anajua.

Siku moja alitoka na kanga yake nzuri. Nikamdanganya daktari kwamba nina homa, nikamfuata. Hakwenda kwenye vitambaa. Alikwenda yadi ya malori, kule kwenye matope ya oili, akasimama kando hadi akatokea dereva mmoja mtu mzima, anachechemea, na mfuko wa miraba. Walishikana mikono muda mrefu, hawakusema mengi. Akapokea mfuko. Nikakimbia njia ya nyuma nikafika nyumbani kabla yake, nikakaa mlangoni kama ofisa wa forodha.

Nilimwambia aufungue. Akaufungua. Ndani mlikuwa na koti la kijivu la mwanamume, limechakaa kwenye viwiko, na redio ndogo, na kofia. Nikalishika lile koti, nikaanza kuminya mapindo na pedi za mabega nikitafuta unga. Mama alisimama ananitazama. Aliniambia nikimaliza kulipekua, nilikunje vizuri.

Nikamuuliza koti ni la nani. Akasema nitasikia ubalozini. Alisema jambo hili ana nguvu ya kulisema mara moja tu, akilisema mara mbili litamshinda. Mimi nikahitimisha kwamba ni la hawara. Tangu siku hiyo nikawa napika, nampakulia, nakwenda kula chumbani kwangu. Nakwambia haya ili ujue nilivyokuwa.

Siku ya mahojiano waliniruhusu nisimame naye dirishani kwa ajili ya sikio lake. Nyuma ya kioo alikuwa msichana mdogo, amebana nywele, mpole kama wapole wa kazini. Akauliza mama huyu alikwenda kufanya nini katika nchi ile. Ikabidi nirudie mimi swali, karibu na sikio zuri: "Mama, anauliza ulikwenda kufanya nini."

Mama hakunitazama. Alimtazama yule msichana akasema, "Nilikwenda kumuuguza mume wangu. Alipofariki, nikamzika."

Msichana akauliza kama ana ndugu waliobaki kule. Mama akasema, "Kaburi moja tu."

Dada, Baba amekufa. Ndiyo, Baba yetu, aliyewasha lori asubuhi mimi nikiwa darasa la tatu asirudi; ambaye Mama alimwita "yule bwana" hadi tukasahau jina lake; ambaye siku ya harusi yako ulimwambia mshereheshaji asimtaje kwa sababu huna baba. Amekufa, na mimi nimepata msiba dirishani, mbele ya watu wenye namba mkononi, wala sikuweza kulia kwa sababu swali lililofuata nililazimika kulirudia.

Mengine Mama alinieleza nje, kwenye benchi. Kwamba yule mwanamke ambaye Baba alimfuata kule alimwacha alipoanza kuugua figo. Kwamba dereva anayechechemea, mwenzake wa zamani, alimkuta hospitali ya kule amelala bila hata mtu wa kumpa maji, akamfikishia mama mdogo habari. Mama alikwenda kwa sababu, anasema, hakutaka sisi siku moja tusikie kwamba baba yetu alizikwa na manispaa. Alificha kwa kuwa wewe ungemkataza, na mimi ningetangaza. Koti lilibaki kwa dereva mpaka alipopata safari ya huku; ndiye aliyekuwa akipiga zile simu za jikoni. Anasema Baba aliuliza kama bado unaandika kwa mkono wa kushoto.

Viza wamempa. Ila tarehe zimetupita: pasipoti bado iko ubalozini, na itarudi baada ya siku zako. Mtoto atazaliwa kabla Mama hajapanda ndege, na yule wa kukushika mkono siku hiyo hatakuwa Mama. Najua itakuuma. Nilimuuliza kama anaijutia ile safari, nikitumaini atasema ndiyo ili nikuandikie neno la kukupoza. Akasema hata angeambiwa mapema kwamba itamfungia mlango wako, angekwenda vilevile, na atakuja kwako akiwa amechelewa, umgombeze ana kwa ana. Nimeliandika kama alivyolisema.

Mimi kwa Baba bado moyo haujatulia. Lakini nimerudi kula mezani na Mama, na jana, akipima kitambaa, alianza sentensi kwa "baba yenu" kisha akaimaliza.

Mama mdogo anakusalimu, nyonga zote mbili nzima. Majirani wanakuombea ujifungue salama. Ukimaliza kusoma piga simu, hata kama ni kwa kulia tu. Mama atapokea, na bomba litakuwa limefungwa.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Chiriku