Ngozi ya Dramu ya Marehemu

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana nimebaki ndani ya nyumba na seti ya dramu tu. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga dramu wa bendi ya harusi, na dramu zenyewe alizinunua zikiwa zimeshachoka, za bei ya chini kabisa, shemeji yangu mpaka leo anaziita masufuria na anataka niwape watu wa chuma chakavu, lakini mume wangu alizipenda, jamani, alikuwa anagonga ubavu wa ile kubwa kwa kidole ananiambia, "Mke wangu, sikia mbao hiyo, siku hizi wanakubandikia makaratasi," ingawa stendi zilikuwa nyembamba, toazi moja alilikaza kwa kipande cha kandambili, na kila wimbo wa haraka pedali ya mguuni ilikuwa inamkimbia sakafuni, anaivuta kwa kisigino huku anacheka. Tangu tumzike sijaruhusu mtu aziguse, nafuta vumbi tu, na ile dramu ndogo ya mbele ilikuwa na ngozi, ni plastiki lakini wenyewe wanaita ngozi, imechakaa katikati pale vijiti vyake vilipokuwa vinatua, basi kila asubuhi nilikuwa naweka kiganja hapo, usinicheke. Juzi nimerudi kazini, nafua mashuka hospitalini, nakuta binti yetu wa mwisho amefungua skrubu zote, ameweka ngozi mpya nyeupe pee, na anapiga. Mshauri, sijui kitu gani kilinipanda, nilimzaba kofi, nikamwambia amemzika baba yake mara ya pili. Alikusanya nguo mbili tatu na ile ngozi kuukuu, akaenda kwa shangazi yake, simu zangu hapokei. Hata ngozi kaniibia! Je, niziuze dramu yaishe, au nimfuate anirudishie ngozi yangu?

Mjane, mfuaji mashuka

Mama, pole. Pole sana, na kiganja chako sikicheki. Ila kwa kofi lile na maneno yale nakugombeza, tena bila kupepesa macho.

Kuhusu dramu, nimemuuliza jirani yangu anayezitengeneza. Anasema mumeo hakudanganywa: seti nyingi za zamani za bei poa zina mbao nzuri, vyuma ndivyo vinavyokufa mapema. Sokoni utapewa hela ya sabuni, basi. Lakini zikikaa tu, skrubu zinashika kutu na ngozi zinalegea zenyewe. Ile sauti aliyoiacha mumeo, mama yangu, ilishaondoka kimya kimya huku wewe unafuta vumbi. Na ngozi ikichakaa hubadilishwa. Yeye mwenyewe kabadilisha ngapi mbele ya macho yako? Mtoto amefanya alichomwona baba yake akifanya.

Sasa isome tena barua yako. Msichana amepigwa, ametukanwa kwa kaburi la baba yake, anaondoka na nguo mbili tatu, halafu anabeba nini? Wewe unaita wizi. Mimi naona mtoto aliyefiwa, na hakuna aliyempa pole, maana msiba wote umeukumbatia peke yako.

Kesho ukitoka kazini usipitie nyumbani. Nyoosha moja kwa moja kwa wifi yako, umwombe mwanao radhi kwa mdomo wako, na ngozi usiiulize kabisa. Shemeji mwambie masufuria hayauzwi. Binti akirudi, mwache apige. Pedali itamkimbia tu. Wewe kaa karibu, umwonyeshe baba yake alivyokuwa anaivuta kwa kisigino.