Maneno Niliyokusemea

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mtoto ameota meno mawili, anang'ata kila anayembeba.

Idara yetu ya uhusiano wa umma hapa manispaa imeingia kwenye mashindano ya tuzo, kwa kampeni ile ya kuwashawishi mhamie soko jipya. Waandaaji walitaka ushuhuda wa mfanyabiashara. Nikaandika, "Biashara imenawiri, nashukuru," nikaweka jina lako. Nilijua fika kwamba tangu uhame hupati wateja, na cherehani umeiuza.

Bosi aliposoma akasema, "Huyu mama ametubeba. Hongera kwa kumpata." Nikainamisha uso kwa aibu, yeye akadhani ni unyenyekevu.

Majaji watakupigia simu Jumatatu. Nilikaa kuandika nikuombe uyakubali maneno yale, nimeshindwa. Waambie ukweli, shangazi, wala usinionee huruma.

Ni mimi,
binti wa kaka yako