Mtihani wa Phelista wa Neno Moja

S.L.P. 214,
Kiminini,
kupitia Kitale.
6 Desemba, 2009.

Mpendwa Dada Nakhumicha,

Pokea salamu kutoka kwa ndugu yako mwenye bahati kuliko wanaume wote walioko kati ya Kitale na Bungoma. Naanza na hilo ili ukae vizuri kwenye kiti. Mtihani wa Kiingereza wa mwanao Phelista tumeupita! Nasema tumeupita kwa sababu mwalimu nilikuwa mimi, Wangila niliyeishia kidato cha pili, na sasa hapa Kiminini wananiita Profesa. Bahati ikikupenda haikuulizi cheti.

U hali gani huko kwenye baridi? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa umepata nafuu? Sisi huku tu wazima, isipokuwa macho ya Mama. Siku hizi hunitambua kwa kikohozi changu tu. Mahindi tumevuna kidogo, maana mvua ilituhepa mwezi wa saba, lakini hatutalala njaa.

Najua umepiga simu mara tatu nami nikasema mtandao ni mbaya. Dada, kwenye simu mimi hucheka tu, hata pasipo na la kuchekesha. Barua itanishika vizuri zaidi.

Acha nikueleze tulivyojitayarisha. Wewe ndiye umemngojea mtoto huyu miaka kumi na moja, tangu ulipomwacha mikononi mwa Mama. Na chuo cha huko kilisema wazi: alama za Kiingereza zisipofika kabla ya Januari kwisha, nafasi yake ya uuguzi inapewa mwingine. Bila nafasi hakuna viza, na bila viza mtaendelea kuonana kwa picha.

Kusoma na kuandika hakukumtisha. Kilichotutisha ni ile sehemu ya kujibu kwa mdomo. Unavaa vile vidude vya masikioni, sauti ya mzungu inakuuliza swali fupi kutoka ndani ya kompyuta, nawe unajibu kwa neno moja au mawili. Mtu anayetibu meno anaitwaje? Wiki mbili zina siku ngapi? Maswali ya chekechea, bana! Lakini ukikawia kidogo tu, mashine inafunga sikio lake na swali lingine linakuja.

Pale Kitale kuna binti anaitwa Sally, mwenye saiba ya kompyuta za kukodisha. Yeye alikuwa na maswali ya mazoezi. Phelista alipoulizwa juu ya mtu wa meno, aliinamisha kichwa kwanza, akashukuru kwa kuulizwa, ndipo akajibu. Unajua alivyolelewa na Mama. Sally akamgusa bega.

"Huyu si mtu, ni mashine. Sema neno moja, nyamaza."

Mimi nikaingilia. "Neno moja? Kwani anajibu polisi wa barabarani?"

"Mzee, mtihani unataka hivyo."

"Binti, mimi nimeendesha lori mpaka Kigali na Juba. Wazungu nimewabeba. Hao watu husema asante hata ukiwafungia mlango. Wewe umefika wapi, Webuye?"

Watu wote wa saiba wakacheka. (Wewe unajua nilikuwa utingo tu kwenye hilo lori, lakini Sally hajui.) Sally peke yake hakucheka. Nikamchukua mtoto, nikarudi naye nyumbani.

Tulipompelekea Mama habari kule Kibabii, aliniunga mkono. Alisema mtoto akiulizwa na mkubwa halafu akamtupia neno moja kama anatupa ganda la ndizi, watu watauliza alilelewa na nani. Basi nikaona nimeshinda kesi.

Masomo yalifanyikia kwenye kibanda changu cha baiskeli, wateja wakiwa wanangoja kuzibiwa pancha. Kanuni yangu ilikuwa hii: kwanza unashukuru kwa swali, kisha unalirudia ili aliyeuliza ajue umemsikia, ndipo unatoa jibu. Kipkemboi, yule mteja wangu wa Cheptais, alikuwa ndiye mzungu wetu. Nilimkalisha nyuma ya gunia aulize bila kuonekana.

"Khocha," Phelista akaniambia siku moja, maana hajawahi kuniita jina lingine ila hilo la kaka ya mama, "mbona mzungu wetu anakohoa kama trekta?"

"Ni baridi ya kwao," nikamjibu. Kipkemboi akakohoa zaidi, mpaka mtoto akalia kwa kucheka. Dada, ulitakiwa uwepo usikie kicheko hicho. Ni chako kabisa.

Alijifunza haraka. Swali la siku za wiki mbili alilijibu kama chifu anayehutubia baraza, na wateja wakapiga makofi. Mara moja tu aliniuliza, "Khocha, na kama muda hautoshi?" Nikamwambia adabu haijawahi kumchelewesha mtu.

Tulikwenda Nairobi tarehe ishirini na moja mwezi uliopita. Nilimngoja nje ya lango tangu asubuhi, nikiwaeleza mabawabu kwamba mwanafunzi wangu yuko ndani. Alipotoka, tulikunywa soda. Hakuongea sana. Ni uchovu wa safari.

Mama anakusalimu na anauliza kama huko unapata mboga za kienyeji. Mke wangu Linet anakusalimu, anasema lile koti ulilotuma limemkaa. Wasalimie wauguzi wenzako mnaokesha pamoja. Mungu akufunike huko ugenini, akupe usingizi usiokatizwa na kengele ya mgonjwa, na akuweke mpaka mikono yako imshike mwanao.

Hapa ndipo ningetia sahihi. Lakini Phelista ameketi mlangoni, anachambua maharagwe, na amenisihi nisikuambie chochote, ati utadhani ana kichwa kizito. Neno hilo siwezi kuliacha lifike kwako, wala likae kwake. Karatasi sitairarua, maana nikianza upya nitadanganya tena.

Kuna mtihani mwingine tarehe kumi na sita Januari. Nimerudi kwa Sally nikamwomba msamaha mbele ya wateja wake, wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Amemchukua mtoto tangu Jumatatu. Mimi nangoja nje na sisemi kitu. Ukipiga simu, ongea naye kwa upole, usimwulize alishindwa na nini.

Dada, ile bahati niliyokuandikia pale juu ni uongo. Phelista hakupita. Kila swali alishukuru kwanza kama nilivyomfundisha, na kila swali mashine ilifunga sikio kabla hajafika kwenye jibu. Majibu yote aliyajua. Alinitajia pale nje ya lango, neno moja moja, upesi upesi, na hapakuwa na mtu wa kumpa alama. Aliyemfelisha ni mimi.

Ndugu yako anayekupenda na kukuonea haya,

Wangila