Kichina cha Kunyanyulia Reli

Jumanne, kambi ya reli, Dodoma.

Na ubao wangu wa kufundishia wameuchoma, wamepikia ugali.

Wiki tatu nawafundisha vibarua hawa wa Kigogo Kichina, kwa amri ya msimamizi wetu Mdachi, maana fundi Lin anayeongoza unyanyuaji wa reli hajui lugha nyingine. Yeye hunitamkia maneno, mimi nayaandika daftarini, nao huyakariri wamekaa mistari, kiboko kikiwa mkononi mwangu, kama nilivyosomeshwa mimi Tanga. Walisinzia vizuri sana.

Juzi fundi aliwaamuru washushe, nusu wakanyanyua. Reli nusura imvunje mguu kibarua mmoja, Malogo. Mdachi akaniambia ikitokea tena, hamsa-ishirini, fimbo ishirini na tano, ni zangu.

Leo asubuhi huyo Malogo, mwimbishaji wao, akanijia. "Karani, sisi hatubebi kitu bila wimbo. Mbona maneno unatubebesha kimya?"

Nilimfukuza. Akaenda kwa fundi mwenyewe, wakaelewana kwa ishara, wakayatia yale maneno kwenye wimbo wa kazi. Malogo anaita, wenzake wanaitikia. Kufika adhuhuri wananyanyua na kushusha kwa Kichina, na fundi Lin, mzee mzima, anakata kiuno!

Mgongo wangu umepona, nakiri. Ila jioni Mdachi akatupima maneno mmoja mmoja. Wote walijua. Akanigeukia mimi, na daftari liko hemani.

Nikakohoa.

Malogo akaniitia wimbo polepole, kama anambembeleza mtoto. Nikaitikia, karani wa serikali, mbele ya watu wote.

Na hapa ninapoandika, mguu unacheza wenyewe chini ya meza.