Karatasi Zilizogandana

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Macho yanaendeleaje? Mimi mzima, ila habari za jua nazisikia kwa watu tu. Maabara yetu iko chini ya ardhi, haina hata dirisha moja, na leza ikianza kujaa umeme mlango unajifunga wenyewe.

Umeuliza kazi yangu ni nini hasa. Tunapiga karatasi nyembamba ya alumini kwa leza. Kufumba na kufumbua inakuwa moto mtupu, na atomi zake zinapoteza elektroni. Kabla haijatawanyika tunapitisha eksirei. Kiasi kinachomezwa humo ndani kinatuambia elektroni ngapi zimetoka. Ajabu ni kwamba karatasi zetu zinameza mara mbili ya tulivyotarajia. Mkuu wangu anashangilia, anasema ni ugunduzi. Makala ikitoka mwezi wa sita, ananipa ruhusa. Nitafika ukiwa bado unaniona.

Mwanao, Cheche

20 Machi

Cheche wangu,

Marahaba. Sijambo, namshukuru Mungu. Jicho la kushoto limeshaniaga, la kulia bado linabisha. Barua yako nimeisoma mwenyewe, ukurasa mmoja kwa vikombe vitatu vya chai.

Lakini mbona mara mbili kamili? Usinicheke, mimi mchomeleaji tu. Mabati mapya huja yamegandana kwa mafuta ya kiwandani. Niliwahi kuchomelea mawili nikidhani ni moja, mwenye nyumba akashindwa kufungua geti lake kwa uzito. Tangu hapo nahesabu kwa vidole. Hizo karatasi zenu nani anazibandua?

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nazibandua mimi. Nilipima zilizobaki, nyingi ziko mbilimbili. Miezi mitano nimepiga mbili nikiandika moja.

Nilijua nikisema, tunaanza upya na ruhusa ndiyo basi tena. Nikinyamaza, mwezi huu niko nyumbani. Wiki kumi nimeibeba barua yako mfukoni. Nimekukasirikia, baba. Kwa nini uliniambia?

Jana nilimwambia mkuu. Alivua miwani, akaifungia makala kwenye droo, afadhali angenifokea. Mwaka huu siji. Nililia mlemle chini, mlango umejifunga, hata pa kutokea sina.

Mwanao

25 Juni

Cheche,

Marahaba. Huu ni mwandiko wa dada yako. Barua yako amenisomea mara tatu, ya mwisho nikamwambia aache kuilowanisha. Jicho la kulia nalo limekwenda, wiki ya pili sasa.

Kasirika, mwanangu, una haki. Mimi mwenyewe nilikaa siku nne na kalamu mkononi. Nilijua nikikuuliza habari za kubandua, huenda nakufungia njia ya kurudi. Nikauliza hivyo hivyo. Imeniuma, na bado inaniuma.

Utakuja watakapokuachia. Ukifika usiseme kitu, kaa karibu yangu tu. Vidole hivi vinajua bati moja na mabati mawili. Uso wako havitaukosea.

Baba yako