Msiba wa Redio Tujuzane

Igalula,
Jumapili, baada ya misa.

Kaka yangu Revocatus,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ni mafua tu ya vumbi la kiangazi, na hayo kwetu si ugonjwa. Wewe je, na wifi Imakulata, na watoto? Mgongo umeacha kukusumbua? Baba anakusalimu sana. Yupo barazani anajifanya anamenya karanga, lakini anajua vizuri ninamwandikia nani.

Utashangaa kuletewa barua na simu zipo. Kwenye simu, kaka, wewe humwachi mtu akamaliza sentensi. Haya nataka uyasome mpaka mwisho, tena ukiwa umeshakula. Ndiyo maana nimempa barua jirani yetu Apolinaria, anayepanda treni kuja huko Dar kumwona mwanawe, nikamsisitizia akukabidhi mkononi.

Unakumbuka nilivyokulalamikia kuhusu mtambo wetu wa kurushia matangazo. Ulikuwa umechoka, leo unakohoa, kesho unakata sauti katikati ya bei za mazao. Meneja wetu, Bwana Mahona, alivaa koti lake la harusi akazunguka kuomba msaada, Isikizya kwa wakubwa wa wilaya, mjini, kwa wafanyabiashara, kwa viongozi wa dini. Kila alikoingia alipewa kiti na pole. Mwisho likabaki shirika moja linalosaidia redio za jamii. Hao walimjibu kwa upole kwamba wako tayari kufikiria, ila tuwathibitishie kwanza kuwa tuna watu wanaotusikiliza. Mahona alirudi amenywea. Aliniuliza mkulima aliyetundika redio kwenye mti shambani kwake anathibitishwa vipi.

Ndipo fundi akatuambia tujiandae, maana siku ule mtambo ukizimika hautawaka tena. Mahona akaniomba niwaage wasikilizaji mapema, tusije tukaondoka kama wezi. Basi jioni ile saa kumi na mbili, nilipomaliza kusoma matangazo ya vifo, nikashika kipaza sauti. Unanijua nilivyo na hasira. Badala ya kuaga kistaarabu, nikaamua kuitangazia redio yenyewe kifo chake, kwa taratibu zote, ili wenye masikio wasikie. Nikaanza kwamba uongozi wa Redio Tujuzane unasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu. Hapo hapo mtambo ukakata roho.

Mimi sikujua. Niliendelea na madoido yangu yote, nikataja jina la marehemu, nikataja na wafiwa, hadi Mahona aliponionyesha kwa mkono kuwa ninaongea na ukuta. Tukacheka, kisha kicheko kikatuishia, tukaanza kukunja nyaya.

Sasa fikiria walivyosikia watu majumbani. Sauti yangu, kifo cha mpendwa wetu, halafu kimya, kana kwamba nimeanguka nikafa pale pale.

Wa kwanza kufika alikuwa Baba. Alikuja na baiskeli, mguu mmoja kiatu, mwingine kandambili, na redio yake imening'inia shingoni kwa kamba. Aliponiona nimesimama mlangoni aliiacha baiskeli ikaanguka yenyewe. Alinishika mabega, akanishika uso kama anayenunua mbuzi, halafu akakaa chini kwenye vumbi akalia. Kaka, mimi sijawahi kumwona Baba akilia vile, hata tulipomzika Mama alijikaza. Huyu ndiye Baba aliyekuwa akisema kazi yangu ni kupiga domo, na kwamba yeye hana muda wa kutusikiliza! Ameniomba nisikuambie, nami nimekuambia, kwa hiyo ukija jifanye hujui.

Kabla sijamwinua, watu wakaanza kuingia. Wanawake na kuni kichwani, na unga, na ndoo za maji. Wanaume na mikeka, wengine na majembe begani, wakiuliza kaburi linachimbwa wapi. Kila mmoja alikuwa akiuliza nani amekufa. Bwana Mahona alipanda juu ya benchi akawaeleza ukweli wote, jasho likimtoka, maana tulitarajia kupigwa. Kisha mama mmoja akasema kuni hazirudishwi nyumbani zikishafika msibani, akaziweka chini akawasha moto.

Tukakaa matanga, kaka. Matanga kamili ya redio! Bi Swaumu, yule Mzaramo anayeuza vitumbua stesheni, alikumbuka kuwa sisi Wanyamwezi ni watani wake tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Akajilaza juu ya mtambo, akavaa vile visikilizio vyangu vya masikioni, akapiga mayowe kwamba maiti haitoki hapa mpaka mtani alipwe, na kwamba Wanyamwezi ni wachoyo, wameua redio kwa njaa. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Tulimpa jogoo ndipo akanyanyuka, na vile visikilizio hakuvirudisha hadi kesho yake.

Kesho yake hiyo akaja Bwana Thabit, yule mwenye duka la vifaa vya umeme wa jua pale Mtendeni. Alisema mama yake, Bi Bimdogo, hagusi chakula cha jioni mpaka ajue nani kafariki na nani anatafutwa na nduguze, na sasa amegoma kula. Akatuachia paneli na betri, akasema ni sadaka, tumwombee dua mama yake. Mahona naye akapiga picha ule umati, masufuria, mikeka, majembe, akaituma kwa lile shirika pamoja na maelezo mafupi kwamba hawa ndio wasikilizaji wetu, wamekuja kuzika.

Jibu lilikuja haraka. Mtambo mpya watatupatia. Sharti lao moja tu, redio isimame kwenye ardhi yake yenyewe, mahali pa juu, si kwenye chumba cha kupanga. Kaka, niliruka nikamkumbatia meneja mbele ya mkewe.

Haya, sasa vuta pumzi. Siku ya kuanua matanga Mahona aliuliza nani ana mahali pa juu. Baba akasimama. Alisema Mama alipofariki yeye alichanganyikiwa, hakumpigia mtu simu hata mmoja, na wewe ulikuwa bado njiani. Redio ndiyo iliyompigia mbiu. Watu asiowajua kwa majina walitoka vijijini wakaja kuchimba kaburi. Akasema redio ile ilimzikia mke wake, na yeye hawezi kuizika. Akatoa kile kiwanja cha kilimani, Mama alipokuwa akianika mtama.

Ndiyo, kaka. Kiwanja chako. Kile ulichotengewa ujenge.

Usiku huo Baba hakula. Asubuhi aliniita akaniambia ametoa kitu kisicho chake, kwa furaha ya kuniona hai, na kwamba aliyetengewa hakuulizwa. Hakuna jiwe lililoguswa pale. Ukikataa, atasimama mbele ya watu arudishe neno lake, aseme ameghairi mwenyewe, na hakuna atakayesikia kwamba ni wewe uliyekataa. Hayo ni maneno yake, na ameniapisha nisikubembeleze. Kwa hiyo sikubembelezi. Nakushukuru tu kwa kusoma hadi hapa, na nakushukuru kwa ada ya chuo uliyonilipia, maana ndiyo iliyonipa hiyo sauti ambayo Baba aliikimbilia.

Jambo moja tu. Jibu lako usinipe mimi, mpigie yeye. Kila jioni saa kumi na mbili anawasha redio yake kwenye masafa yetu. Haitoi kitu, inakoroma tu, naye anakaa nayo hadi giza linaingia. Nikimuuliza anasikiliza nini, anasema anapima betri.

Wasalimie wote nyumbani, mbusu mdogo kwa niaba ya shangazi. Karanga alizomenya Baba nimempa Apolinaria, ukizikuta pungufu usimuulize, treni ni ndefu.

Ni mimi mdogo wako, niliye hai,
Levina.