Matusi ya malalo mu televisheni

Siku ya ine, mwezi wa sita. Baridi kali. Jua iko, lakini haifanyi kazi. Vumbi mpaka mu meno.

Shajara yangu, kwanza tuelewane: mu hii Lubumbashi yote hakuna muntu mwenye mguu wa kushoto sawa wangu. Nikipiga mupira hapa, kule Kambove bachimbaji banatupa nyundo na kukimbia inje ya mashimo, juu banafikiri mulima unaanguka. Bamama ba Katuba banajua jina yangu kuliko jina ya bwana zao. Na masomo niliacha mbele ya diploma, si juu ya ujinga. Mwalimu wa hesabu alikuwa na wivu na biatu byangu.

Sawa. Nimejisifu. Sasa mukono unaweza kuandika.

Ile video muko nayo bote mu telefone, lakini hakuna mwenye ananiuliza namna ilipita. Banacheka tu. Basi naiandika hapa, mwenye kusoma asome.

Siku ya Mungu tulicheza ku stade, na televisheni ilikuwa pale, moja kwa moja. Tulishinda. Bao ilitoka ku beki yetu mwenye hajui hata kufunga kamba ya kiatu. Mi nilikuwa na penalti. Niliipiga ikapita juu ya goli, ikaenda kusalimia manyumba ya bantu. Ilikuwa upepo.

Kazi yote ingine alifanya Yaya Chola. Yaya Chola njo gardien yetu, golikipa, mukubwa kati yetu bote, njo maana tunamwita Yaya, kaka, muntu wa mikono sawa milango. Siku ile alikamata mpaka mipira yenye mi sikuona. Uwanja yote ilikuwa inaimba jina yake, hata bale balikuya kushangilia timu ingine.

Kisha mechi, mama wa televisheni akaniita. Mi na jasho yangu na uzuri yangu. Akaniwekea mikro ku kinywa. Nyuma yangu, karibu kabisa, Yaya Chola alikuwa anavua glavu. Mama akauliza, na ile sauti ya sukari:

"Champion, bila Chola leo mungelikuwa wapi?"

Hapa lazima nieleze kintu, juu bantu ba mbali banasoma.

Mi na Yaya Chola tuko banungwe, batani. Ukoo ya mama yangu ni ya Mbuzi, ukoo ya mama yake ni ya Chui, na kwetu Mbuzi na Chui banatukanana tangu bankambo, babu zetu ba zamani. Ni ruhusa. Naweza kuingia kwake, kukamata nyama mu sahani yake, kumwita mwizi, kusema mama yake alimuzaa akikimbia mvua, na ye hawezi kukasirika. Akikasirika, bote banamucheka. Ananijibu tu: "Mbuzi ya kunuka weye, hata sabuni inakukimbia." Tunacheka, inaisha. Kila siku mu chumba ya kuvalia ni vile. Coach wetu, mwenye alitoka mbali, siku yake ya kwanza alifikiri tutauana.

Lakini iko matusi ingine.

Munungwe njo anazika. Chola akikufa, ndugu zake batalia, na mi njo nitashuka mu shimo, nitamutukana pale chini mpaka bantu bacheke ndani ya machozi. Ile matusi iko na maneno yake. Haisemwi inje ya malalo, pale kwenye tunazika. Mutoto yeyote wa kwetu anaijua, lakini anaijua sawa anavyojua makaa ya moto: ni ya kuangalia, si ya kushika.

Mi niliisema mu mikro.

Nilianza na ile ya kila siku. Makalio, mavi, mama yake na ile mvua. Mama wa televisheni akatoa macho sawa samaki ya soko. Nikaona kamera inaniangalia mi peke yangu, nikasikia utamu fulani ku ulimi. Kisha ikatoka: "Shuka, mulafi weye! Ulilala, lala! Hata udongo itakutapika. Tulichoka kukubeba!"

Bale badogo ba timu balicheka. Yaya Chola alikuwa anacheka tayari kwa yale ya kwanza. Niligeuka kumuangalia. Kinywa yake ilikuwa wazi, tayari kunirudishia. Ikabaki wazi. Kisha akaifunga polepole, sawa muntu anafunga mulango ya chumba kwenye mutoto analala.

Tangu pale hajasema neno.

Nilifikiri anacheza. Mu chumba ya kuvalia nilimufuata. "Yaya, jibu basi! Mbuzi iko inangoja!" Akanishika bega, akatabasamu, akaenda kuoga. Na mi nilikuwa na mambo yangu. Telefone ilikuwa inalia sawa mutoto wa njaa. Hata binamu yangu wa Mitwaba, kule kwenye unapanda muti kutafuta rezo ya telefone, aliniandikia: "Umekuwa nyota, kaka." Bakubwa ba timu balisema nitapata azabu, balisema nimebaletea haya mbele ya inchi yote. Mi niliitika na kichwa chini, kisha nikaweka video ku statu yangu.

Ile video, sasa.

Televisheni baliogopa. Ku marudio balikata sauti pale matusi inaanzia. Unaona mudomo yangu inaenda, lakini hakuna kintu kinatoka. Nyuma yangu unaona Yaya Chola anacheka bila sauti. Mara ya kwanza nilicheka mpaka tumbo ikauma.

Niliirudia. Nikaacha kucheka.

Juu mi najua nilisema nini. Ilikuwa maneno kidogo, pumzi moja. Mu video mudomo inapita pale nilimalizia, inaenda, inaenda tena, inasema bintu byenye sikumbuki kusema. Na Chola nyuma yangu anaangalia ile mudomo, haangalii kamera, haniangalii mi. Nilimuonesha Dido, mwenye tunalala naye chumba moja.

"Angalia," nikamuambia. "Hapa nilikuwa nisha kumaliza."

"Ndugu yangu, weye umekuwa na mudomo murefu tangu kuzaliwa."

Alicheka. Kisha akaiangalia tena, peke yake, karibu na dirisha. Akanirudishia telefone na bidole bibili tu, sawa kintu yenye kulowa.

Siku ya pili tulirudi ku mazoezi. Muntu mwenye hajacheza mupira hajui: gardien ni sauti. Yaya Chola akiita "Yangu!", bauza-mahindi ba barabarani banageuka. Shiye mabeki na bashambuliaji tunacheza ndani ya ile sauti sawa ndani ya nyumba. Basi mupira ikapandishwa, ikashuka mbele ya goli, na bote tukasimama kungoja aite.

Hakuita.

Mupira ikaanguka katikati yetu. Ikaruka kidogo. Ikaanza kwenda ku goli polepole, na hakuna mwenye alisogeza mguu. Hata Chola. Tulikuwa tunaiangalia tu, kama tuko ku maombi, mpaka ikaingia na kulala. Ilikuwa inasikika upepo tu na majani makavu.

"Chola! Sema!" coach akalia. Yaya Chola akaonesha koo yake, akatikisa kichwa.

Munganga wa timu akamumulika mu koo na tochi. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Alisema ni koo muzuri kabisa, sawa ya mutoto. Coach akasema yeye hana neno mubaya na Chola, lakini gardien bubu hawezi kusimama mu goli. Kama sauti hairudi mbele ya mechi yenye inakuya, ataweka ule gardien mudogo wa akiba, na kisha pale tutaona. Bote tulijua "tutaona" ni nini kwa muntu wa umri yake. Chola hana kazi ingine. Hana ujuzi ingine. Mikono na sauti, basi.

Na leo Mama Ngosa akatuma muntu: "Mbuzi aje."

Mama Ngosa ni ndugu ya mama yake Chola, mukubwa wa nyumba yao kule Makomeno. Nilienda kisha chakula ya muchana, na lunettes yangu ya jua ku macho, na ile kutembea yangu yenye inasumbua babinti. Ku kona ya barabara yao batoto balikuwa banacheza. Mumoja alishika kigunzi ya mahindi, akaiweka mbele ya kinywa ya mwenzake. Ule mwenzake alisimama sawa mi, mukono ku kiuno, kifua mbele. Alikuwa anapeleka mudomo bila sauti. Bengine balizunguka banamuangalia.

Hakuna mwenye alikuwa anacheka.

Nilipita. Nikageuka ku mulango. Alikuwa bado anasema.

Mu kiwanja balitandika mukeka mu jua. Ndugu balijaa. Yaya Chola alikaa ku kiti na koti yake, mutoto yake mwanamuke ku magoti. Ule mutoto alikuwa ameweka mukono ku koo ya baba yake, sawa anatafuta kintu kilianguka ndani. Balinipa kikombe ya munkoyo, ile kinywaji ya mahindi.

"Mbuzi, umefika?" Mama Ngosa akaniuliza.

"Nimefika, Mama. Na harufu yangu yote."

"Tulisha kuisikia tangu kona." Bakacheka. Nikapata nguvu kidogo.

"Ile maneno ulisema mu mikro," akaendelea, "kule malalo, nani anaijibu?"

"Hakuna, Mama."

"Juu ya nini?"

Nilikunywa munkoyo yote mbele ya kujibu. "Juu ule mwenye tunamuambia alisha kufa."

"Njo vile. Hii mutoto yangu ulimuweka upande wa bale habajibu. Sasa murudishe. Mutukane muzuri, ile ya kila siku. Akikujibu, imeisha, tutakula kuku."

Nilisimama. Shajara, nilitukana leo sawa sijatukana tangu nizaliwe. Nilitukana masikio yake, biatu byake, namna anakula bukari, ugali yetu, na mikono mibili. Nilisema chui gani hii yenye meno ya kununua. Nilisema mama yake alipomuona alidai bamuletee ile mutoto ya kweli. Banamuke balianguka ku mukeka na kicheko. Hata Chola alicheka: mabega ilikuwa inatikisika, machozi inashuka. Bila sauti. Kisha akaweka mutoto chini, akainama mbele yangu, akafungua kinywa.

"Jibu, Yaya," nikamuambia. "Jibu, bwana. Nitukane. Sema mbuzi."

Mudomo yake ikaanza kwenda. Ikaenda, ikaenda. Na mi niliijua ile mudomo. Niliiangalia mara mingi mu telefone. Pale inafunguka, pale inakunja pembeni, pale inafunga meno. Ilikuwa yangu. Ilikuwa inasema ile yenye mudomo yangu inasema mu video, ile ya kupita pale nilimalizia. Pumzi yenye ilikuwa inatoka ilikuwa baridi, na shiye tulikuwa mu jua.

Mutoto akarudi nyuma, akashika nguo ya Mama Ngosa.

Kicheko ikaisha moja moja. Chola akafunga kinywa, akaniangalia sawa muntu mwenye kuomba musamaha.

Mama Ngosa hakukasirika. Ile njo ilikuwa mubaya zaidi. Akanikalisha karibu yake.

"Mutoto yangu, bunungwe haina sumu. Muntu akitukana na roho ya kucheka, hata ya malalo haishiki muzima. Inapita sawa moshi. Nikuulize basi, mbele ya hii bantu: siku ile, mu ile mikro, roho yako ilikuwa inacheka?"

Chola alikuwa ananiangalia.

"Ilikuwa inacheka, Mama," nikasema. "Kabisa."

Akapumua. Akapiga goti yangu na mukono. "Basi itafunguka. Tutangoja tu. Aksanti, Mbuzi, kwa kuya." Na bote bakanishukuru. Yaya Chola akasimama, akashika mukono yangu na mikono yake yote mibili, ile milango, akaitikisa murefu. Balinisindikiza mpaka ku barabara. Balinipa karanga mu karatasi, sawa muntu mwenye alifanya kazi muzuri.

Sasa niko ku kitanda, Dido alitoka. Sijafungua telefone. Naandika haraka juu najua nikiacha kidogo nitaanza kujisifu tena.

Kesho nitarudi Makomeno. Nitaomba Mama Ngosa akusanye bote, aniulize tena ile ulizo, neno kwa neno. Kama batanipiga, banipige. Kama hasemi tena hata kisha pale, sijui nitafanya nini, lakini asikae akingoja kintu hakitakuya.

Roho yangu haikuwa inacheka. Uwanja ilikuwa inaimba Chola, ule mama akanishikia mikro kuniuliza Chola, na nilipomuambia ashuke, nilitaka ashuke kweli.